Mdhamini wa Pili

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu, somo yangu,

Shikamoo. Nakuandikia huku kengele ikilia kichwani mwangu. Ni kengele ndogo ya shaba, ya kugonga kwa kiganja, na imewekwa juu ya kabati la mafaili katikati ya ofisi yetu. Mmoja wetu akimpata mtu kwenye simu, na mtu huyo akakubali kujiandikisha, huinuka mwenyewe, huiendea, huigonga mara moja. Ting! Sisi wengine tunapiga makofi, simu tumezibana mabegani. Nimerudi chumbani, nimeoga, nimekula, na bado naisikia. Kila ikilia moyo unaruka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake gizani.

Haya, nisikutie hofu bure. Mimi mzima. Hali yako? Na mguu wa Baba? Alinipigia juzi akasema "umepona kidogo", na wewe unamjua kaka yako: hata angekuwa anabebwa kwa machela angesema hivyohivyo. Mwanao Kitinda amepata majibu ya mtihani? Mwambie dada yake anamwombea. Na zile mashine zako mbili za kufulia, bado zinagombana? Nilipokuwa nalala kwako enzi za shule, ile kubwa ilikuwa ikisema nipe-nipe-nipe, na ile ndogo inajibu sina-sina-sina. Katikati ya ugomvi wao nilipata usingizi ambao sijaupata tena popote.

Kazi ni ileile niliyokutajia, katika chuo nilichosoma, idara ya masoko. Tunawapigia waliomaliza shule na wazazi wao, tunawaeleza kozi. Wiki iliyopita walinipiga picha kwa ajili ya kipeperushi. Nilivaa koti la mwenzangu wa meza ya pili. Lilikuwa kubwa, basi wakalibana kwa nyuma na vibanio vya nguo ili linikae vizuri mbele. Ungecheka.

Kuhusu mkopo niliosomea, ambao wewe ulinidhamini, usiwe na wasiwasi. Unakumbuka ile miezi niliyokosa kulipa kabla sijapata kazi. Walikuwa wakinipigia asubuhi na jioni. Tangu Desemba wamenyamaza. Nalipa ya kila mwezi, na ya nyuma hakuna anayeniuliza. Sijui wamesamehe au wamesahau. Kimya chao kinaniogopesha kuliko kelele zao, lakini sithubutu kuuliza. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

Umeniuliza mara mbili sasa napata kiasi gani. Nitakueleza vizuri, ila leo karatasi imekwisha.

Somo yako


Tarehe 19 Machi

Somo yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine weka akiba. Barua yako imefika salama. "Karatasi imekwisha"! Mwanangu, karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mweupe pe. Nimeukata nikamwandikia muuza sabuni. Mtu asiyetaka kusema, hata umpe daftari zima halimtoshi.

Sisi wazima. Baba yako anatembelea mti wa ufagio na anasema ni mazoezi. Mimi nipo, nafua, nanyoosha, nagombana na wateja wanaosahau hela kwenye mifuko halafu wananitazama kwa jicho la polisi. Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yangu imepata mume mwingine: iko mikononi mwa Kitinda tangu anapofumbua macho. Na lingine, maneno ya simu mtu huyakana. Ukiandika umeandika.

Sasa sikia. Kitinda amefaulu. Si kwa kishindo, lakini amefaulu, na amesema neno moja tu tangu siku hiyo: masoko. Anataka kusoma ulichosoma wewe, palepale uliposoma. Nikamuuliza, masoko ndiyo nini? Akanichomolea karatasi. Nikaona nani? Wewe! Umevaa koti jeusi, umetabasamu, chini wameandika: "Nilianza kama wewe." Nililia mpaka nikaunguza shati la watu.

Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza ya pasi. Jana mwalimu mkuu alikuja kuchukua nguo zake akasimama, akavaa miwani.

"Huyu si yule mtoto aliyekuwa akikunja soksi hapa?"

"Ndiye."

"Amekuwa mtu mkubwa."

"Koti linajieleza, mwalimu. Naomba hela yangu."

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Mkopo wa Kitinda unahitaji wadhamini wawili, kama wako ulivyokuwa. Wa kwanza ni mwenye mali. Huyo ni mimi, nitaweka chumba changu cha kufulia na kilichomo. Wa pili ni mwenye mshahara. Safari yako alisimama baba yako kabla hajastaafu ulinzi. Safari hii ni wewe. Wanataka saini yako na slipu ya mshahara. Mwisho ni mwisho wa Mei, baada ya hapo mpaka mwakani.

Nimemwambia Kitinda kwamba dada yake hawezi kukataa. Kwa hiyo nijibu upesi, na safari hii nunua karatasi ya kutosha.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi Kitinda amefaulu. Nimefurahi kweli, nilicheka peke yangu njiani mpaka mwenye duka la vocha akaniuliza nimeokota nini. Mguu wa Baba usikandwe kwa maji ya moto sana, mwambie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Shangazi, je, Kitinda hawezi kusubiri mwaka mmoja? Ana miaka kumi na tisa. Anaweza kukaa na wewe akaweka akili sawa. Au kuna kozi fupi. Sisemi asisome. Nasema tu asubiri.

Nikueleze jambo la juzi. Nilimpigia mama mmoja, mpishi katika shule. Binti yake alikuwa ameacha namba kwenye maonyesho yetu. Nilisikia masufuria yakigongana nyuma yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo kozi wewe mwenyewe uliisoma?"

"Ndiyo, mama."

"Na inalipa?"

Kwa swali hilo tumepewa jibu. Tumefundishwa tusitaje kiasi, tuseme hivi: "Mama, mimi leo niko ofisini." Nikasema hivyo. Nikamsikia akigeuka na kuwaambia wenzake jikoni, "Yuko ofisini!" Wakashangilia, Shangazi. Jiko zima. Akaniambia, "Basi mwandike mwanangu, nitajua pa kushika."

Niliinuka nikagonga kengele.  Tangu siku hiyo nikimpigia mtu natamani asipokee, na asipopokea naogopa mwisho wa mwezi. Sijui kama umewahi kuogopa pande zote mbili za mlango.

Nakuomba unijibu jambo moja. Ukisema "chumba na kilichomo", wamekuandikia nini na nini? Mashine zote mbili? Na ukishindwa, wanachukua vyote au kimoja?

Slipu nitatafuta. Mhasibu wetu yuko likizo.

Somo yako


Tarehe 25 Aprili

Somo,

Marahaba. Hatujambo. Baba yako hajambo.

Mhasibu yuko likizo. Basi likizo njema.

Nimeisoma barua yako mbele ya Kitinda, nikaruka ile sehemu ya kusubiri, lakini mtoto si mjinga, aliona macho yangu yanaruka mistari. Akaniuliza, "Da anasema nini?" Nikasema anasalimia. Akasema, "Salamu zenyewe ndefu hivyo?" Akatoka. Amekaa nje mpaka nguo zote zikakauka, hata moja hakuanua.

Mwanangu, nilipokudhamini wewe sikukuambia usubiri. Ulikuja na fomu mkononi, nikafuta povu kwenye aproni nikatia saini, hata sikukaa. Mama mkwe wa jirani alinicheka: unaweka riziki yako rehani kwa mtoto wa kaka yako? Nikamwambia mtoto wa kaka yangu ana jina langu. Leo umefika, mdogo wako anataka kupita palepale, unamwambia njia ina matope. Wewe ulipitaje? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sikujua kwamba shibe inakuja haraka hivi.

Unaniambia habari za mama mpishi. Mimi sikuona ubaya wake. Aliuliza, ukamjibu. Si kweli uko ofisini?

Mthamini, yule wa kukadiria mali, alikuja. Ni kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alipima mpaka kizingiti. Umeuliza mambo ya mashine. Mashine ni vyuma, haziendi popote. Wewe niletee slipu.

Usishangae mwandiko. Vidole vimevimba kidogo. Ni sabuni mpya, kali.

Shangazi yako


Tarehe 9 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Sijui mguu wa Baba, sijui vidole vyako, na naomba unisamehe safari hii nikipita salamu kwa haraka. Nikikawia kwenye salamu nitapata sababu ya kuacha.

Chukua vibanio kumi. Tafadhali, vichukue kweli, vitoe kwenye ndoo yako, uvipange kwenye meza ya pasi. Hivyo kumi ni mshahara wangu wa mwezi mzuri, mwezi ambao nimegonga kengele vya kutosha.

Toa vinne. Hivyo ni mkopo. Vinakatwa kabla sijavigusa.

Toa vitatu. Hivyo ni chumba, maji na taa. Chumba chenyewe kina dirisha linalotazama ukuta.

Toa viwili. Nauli na chakula. Chakula ni cha mara moja na nusu kwa siku. Ile nusu ni chai.

Kimebaki kimoja. Hicho ni vocha. Simu tunazowapigia watu, Shangazi, tunapiga kwa vocha zetu wenyewe. Kitoe na chenyewe.

Sasa tazama meza. Hiyo ndiyo slipu niliyokuwa natafuta. Hakuna mhasibu aliyekwenda likizo.

Na huo ni mwezi mzuri. Mwezi ambao kengele haikulia kwa mkono wangu, vibanio vinakuja sita, kwa sababu sehemu kubwa ya malipo yetu ni kamisheni ya kila anayejiandikisha. Vinne vya mkopo vinatoka palepale. Kamba ni ileile na nguo ni zilezile. Wewe ndiye dobi, niambie: nguo ipi niiache ianguke? Mwezi wa pili niliacha chakula. Mwezi wa tatu nilimwambia mwenye nyumba kwamba nimefiwa. Mungu anisamehe, nilimuua mjomba ambaye sina.

Kuna jambo baya zaidi, nalo nililigundua juzi nilipoomba taarifa ya deni. Katika vile vinne ninavyotoa kila mwezi, vitatu ni riba. Kimoja tu ndicho kinachopunguza deni lenyewe. Nikienda hivi bila kukosa mwezi hata mmoja, nitamaliza nikiwa na mvi. Nilikaa kitandani na karatasi ile nikahesabu miaka kwa vidole mpaka vidole vikaniishia. 

Sitaki uone kwamba naidharau elimu niliyoipata. Nilipenda darasa. Nilipenda kujifunza kwa nini mtu hununua kitu asichokihitaji, na sikujua kwamba siku moja nitakuwa mimi ndiye natafuta jibu lake kwenye simu. Katika darasa letu wawili wamefika pazuri: mmoja ana kipaji cha kweli, mwingine ana baba mwenye kampuni. Mmoja anauza viatu, na anapata kuliko mimi. Mmoja ameolewa, hataki kuulizwa. Watatu tuko chumba kimoja tunagonga kengele. Ukiniuliza kama ningeisoma tena, labda. Lakini si kwa mkopo ule, na si kwa kuweka rehani chumba ambacho wewe unakula kwacho.

Umesema mimi nimefika. Shangazi, lile koti lilibanwa kwa nyuma.

Nimeweka slipu humu ndani ujionee. Tafadhali usitie saini. Na tafadhali nijibu, hata kama ni kwa matusi. Naogopa zaidi kimya chako kuliko hasira yako.

Somo yako


Tarehe 21 Mei

Somo yangu,

Marahaba, ingawa salamu yenyewe sijaipata. Ni mwezi sasa. Kitinda anakwenda posta kila Jumatano, anarudi anasema hakuna kitu. Nikimwambia labda ni mvua, anasema labda.

Sikutaka kukuandikia tena. Halafu nikakumbuka nilivyokujibu mara ya mwisho, nikaona pengine nilikupiga kwa fimbo ndefu mno. Kama ndivyo, nisamehe. Mtoto wa mtu akinyamaza, shangazi anahesabu maneno yake mwenyewe.

Nimeambiwa si lazima ulete slipu. Kwa kuwa wewe unafanya kazi palepale chuoni, fomu ya mdhamini wa pili itapelekwa mezani kwako na ofisi yenyewe. Wewe utie saini tu. Kwa hiyo nimeona Mungu amerahisisha. Mimi natia yangu Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya mwisho. Kijana wa viatu vilivyochongoka atakuja na muhuri.

Nikwambie kitu, na hiki Kitinda asikijue. Nilipokutilia wewe saini sikuogopa hata kidogo. Safari hii nalala macho wazi. Sijui kwa nini. Mali ni yangu, mtoto ni wangu, na wewe upo, umefika, mfano tunauona ukutani kila siku. Kila hofu ikinijia naitazama ile picha yako, najiambia, huyu naye tulimwogopea.

Mkono umechoka. Niandikie.

Shangazi yako


Tarehe 30 Mei

Shangazi yangu, somo yangu,

Shikamoo. Barua hii haikupitia posta. Nimempa dereva wa basi la leo, Baba ataipokea stendi asubuhi na kukuletea kwa mkono wake, na mti wake wa ufagio. Nimemwambia Baba kwa simu asimpe mtu mwingine, hata akiombwa kwa machozi. Amesema, "Nimelinda maghala miaka thelathini, barua itanishinda?" Kwa hiyo ukiisoma hii, ni Ijumaa, na kijana wa muhuri bado hajafika au yuko mlangoni. Mwache akae. Mpe kiti.

Yako ya tarehe ishirini na moja niliipata Jumatatu. Nilipofika kwenye maneno "salamu yenyewe sijaipata" nilirudi juu nikayasoma tena. Nilikuandikia, Shangazi. Tarehe tisa, kurasa nne, mbele na nyuma. Hukuipata. Na nikaelewa kwamba wakati wote huo ulikuwa ukiitazama picha yangu ili upate moyo.

Nilipiga simu yako palepale. Alipokea Kitinda.

"Da! Leo umetukumbuka."

"Mpe Mama."

"Mama ana kazi."

"Kitinda, barua yangu ya mwezi huu iko wapi?"

Nikasikia akisogea pembeni na simu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini bila kutetemeka, "Ninayo. Niliifungua. Mama hataiona."

"Kwa nini unafanya hivyo?"

"Kwa sababu wewe umeshasoma. Wewe uko ukutani. Mimi nikunje soksi za watu mpaka lini? Hata kama ni vibanio sita, Da, ni vyako."

Niliibana simu sikioni. Na hapo nikasikia kilichokuwa nyuma yake. Nguo inapigwa kwenye jiwe. Inasuguliwa. Inakamuliwa, maji yanamwagika kwenye karai. Halafu tena. Nilisubiri nisikie nipe-nipe. Nilisubiri sina-sina. Hakukuwa na kitu, ila pumzi za mtu anayefua kwa mikono.

"Mashine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Umeme umekatika."

"Mbona naisikia pampu ya jirani inanguruma?"

Hapo ndipo alipoanza kulia, na ndipo alipokuwa tena mdogo wangu. Akaniambia ndogo iliuzwa Desemba. Wanaume wawili walikuja na karatasi yenye jina langu, wakakaa kwenye kikapu cha nguo safi, wakasema hawaondoki. Ukaiuza ukalipa miezi yangu yote ya nyuma. Kubwa, kwa kubebeshwa kazi ya mbili, ilikufa mwezi wa tatu, na hela ya fundi hukuwa nayo. Akasema uliapa kumkata ulimi akiniambia. Tafadhali usimkate, ana mengi ya kuutumia.

Kwa hiyo hawakusahau, wala hawakusamehe. Walinyamaza kwa sababu walilipwa. Mimi nilikuwa naogopa kuwaamsha, kumbe aliyekuwa akikesha ni wewe. Na sabuni si kali, Shangazi.

Sitakulaumu, na wewe usinilaumu. Tukianza, Baba atakosa pa kupita. Ila ile barua ya tarehe tisa mwambie Kitinda akupe. Akikataa usimpige. Ningekuwa na umri wake, nikiiona picha ile kila siku, hata mimi ningeificha.

Fomu ililetwa mezani kwangu jana asubuhi. Aliileta Meneja mwenyewe, na mkono wa pili ameshika kengele. Ameiondoa juu ya kabati, tangu nianze kazi pale sijaona ikiondolewa. Akaiweka mbele yangu.

"Leo unagonga ukiwa umekaa," akasema. "Ndugu yako wa damu! Hii nitawasimulia wengine." Wenzangu wakageuza viti. Mwenye koti akanikonyeza.

Fomu ya mdhamini wa pili ina visanduku viwili chini, pengine hukumbuka. Kimoja kimeandikwa Nakubali. Kingine kimeandikwa Sikubali. Nimeshapitisha fomu nyingi mikononi mwangu, sijapata kuona alama kwenye kile cha pili. Nadhani hata waliochapa waliona ni adabu tu kukiweka.

Nilijua ninachokipoteza. Bila mimi Kitinda hana mdhamini wa mshahara, na kesho dirisha la mikopo linafungwa. Atanichukia, na atakuwa na haki. Nilijua pia kwamba mtu ambaye uso wake uko kwenye kipeperushi hawezi kukataa kozi ile kwa ndugu yake halafu akaachwa aendelee kuiuza. Nikafikiria mwisho wa mwezi. Nikafikiria wanaume wawili kwenye kikapu cha nguo safi. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho, nikaifuta kwenye sketi.

Meneja akaona mkono unakwenda upande usio wake. "Kisanduku cha kwanza," akanielekeza kwa upole, kama mtu anayedhani nimepotea.

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Nimekiona," nikarudia. 

"Wewe unajua huyu ni nani? Ni mtoto wa shangazi yako."

"Ndiyo maana."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alichukua fomu, akasema tutaongea Ijumaa, akaenda. Kwa hiyo wakati wewe unaisoma barua hii nami naitwa huko ndani. Sijui nitatoka na kazi au bila kazi. Chumba nimeshakitoa, tangu jana tunalala wawili kwa mwenye koti, na tofauti ya kodi ni kibanio kimoja na nusu. Cha kwanza kitakuja kwako na Baba mwezi ujao, cha fundi wa ile kubwa. Usinirudishie.

Naogopa, Shangazi. Naogopa sasa hivi ninapoandika. Lakini saini yangu iko kwenye Sikubali, kwa wino, na faili la Kitinda limefungwa. Na ile kengele Meneja aliisahau mezani pangu. Imeshinda hapo tangu jana, na hakuna aliyekuja kuichukua.

Somo yako